Kubaki na M ya Zamani, Kuhamia M10 au Kupanda Hadi M11: Ulinganisho wa Renjifainda za Kidijitali na Vifaa Vyake

Anayehangaika na swali hili kwa kawaida tayari ana renjifainda ya kidijitali mkononi, yaani kamera ambayo fokasi yake hupimwa kwa mkono kupitia dirisha la kutazamia, mara nyingi Leica M9 au M (Typ 240), ambayo hapa nitaiita 240. Kamera yake bado inatoa picha nzuri mchana. Jioni ikiingia, picha zinajaa chenga. Au betri inamuishia kazi ikiwa katikati. Au macho yake si yale ya miaka kumi iliyopita, na fokasi inamkwepa. Akitazama sokoni anaiona M10 na jamaa zake, M11 na jamaa zake, na pembeni rundo la vifaa vinavyodai kumaliza shida ileile kwa sehemu ndogo ya gharama.

Nianze na msimamo wangu, maana ndio unaoongoza ulinganisho wote huu. Toka kizazi hadi kizazi, kilichobadilika zaidi katika kamera hizi kiko nyuma ya shata, lile pazia linalofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye sensa: sensa yenyewe, faili, betri, kumbukumbu. Kilicho mbele ya shata, yaani dirisha la kutazamia na ule utaratibu wa kupima masafa, kimebadilika kidogo sana. Kwa hiyo swali la kwanza si ipi ni mpya zaidi, bali shida yako iko upande gani wa shata. Ikiwa mbele, bodi mpya inaweza kukuachia shida yako vilevile. Ikiwa nyuma, hakuna kifaa cha pembeni kitakachoitibu.

Vigezo vya kupimia

Nitazipima chaguo zote tatu kwa mambo matano: dirisha na fokasi, mwanga hafifu na rangi, faili, betri na ushikaji, na mwisho umri wa kamera pamoja na matengenezo yake.

La kwanza linahitaji maelezo kidogo. Unapozungusha lenzi ya M, kigurudumu kidogo ndani ya mdomo wa kamera hufuata nyuma ya lenzi na kusogeza taswira ya pili katika kile kimraba cha katikati ya dirisha. Taswira mbili zikilingana, fokasi imekaa. Usahihi wake unategemea umbali kati ya madirisha mawili ya mbele, takribani milimita 69, ukizidishwa kwa ukuzaji wa dirisha. M9 na 240 zina ukuzaji wa 0.68, M10 na M11 zina 0.73. Hiyo ndiyo tofauti yote ya msingi: kama milimita 47 kwa 50 za usahihi. Ipo, lakini haigeuzi mtu anayekosa fokasi kuwa mtu anayeipata.

Zote tatu hazina kitulizi cha mtikisiko ndani ya bodi, zote hazina fokasi ya kujiendesha, na zote hupokea lenzi za M za tangu mwaka 1954. Kwa adapta hupokea hata zile za skrubu zilizotangulia. Kwa hiyo lenzi zako hazipotei popote utakapoenda.

Chaguo la kwanza: kubaki na M9 au M (Typ 240)

*Dirisha na fokasi.* Mistari ya fremu ya M9, ile inayoonyesha mipaka ya picha ndani ya dirisha, huangazwa na mwanga wa nje kupitia kidirisha chake, kwa hiyo gizani hufifia. Ya 240 huwashwa kwa taa za LED na huonekana hata usiku. Tofauti kubwa zaidi ni kwamba 240 inaweza kukuonyesha picha hai kwenye skrini, na hupokea dirisha la kielektroniki la kuchomeka juu. M9 haina hilo kabisa: unaamini kimraba, basi.

*Mwanga na rangi.* M9 ya mwaka 2009 ina sensa ya CCD ya megapikseli 18 na hufika ISO 2500 (ISO ni kiwango cha wepesi wa kunasa mwanga). Mchana rangi zake zina wapenzi wengi hadi leo, nami ni mmoja wao. Lakini kwangu ISO 800 ndio ukingo. Ukipita hapo vivuli huanza kuchafuka. 240 ya megapikseli 24 huanzia ISO 200 na hufika 6400, na hadi 1600 unafanya kazi bila wasiwasi. Watu hubishana sana kuhusu rangi za CCD na za CMOS, aina ya sensa iliyomo kwenye 240. Ninavyoona, sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na namna programu inavyosoma faili ghafi, na mtu mvumilivu huipunguza sana kwa wasifu mzuri wa rangi.

*Faili.* Ni ndogo, na kompyuta ya kawaida inazimudu. Picha ya M9 ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi hufika upana wa sentimita 44 hivi. Wi-Fi hakuna katika yoyote kati ya hizi mbili.

*Betri na ushikaji.* Hapa 240 inawashangaza wengi. Betri yake ni ya mAh 1800, nayo hudumu kuliko ya M10 iliyokuja baadaye. Gharama yake ni unene na uzito: gramu 680, na unene unaohisiwa na kila mtu aliyewahi kushika M ya filamu. M9 ni nyepesi zaidi, gramu 585, ila betri yake haifiki mbali.

*Umri.* Kwa mwenye M9 hili ndilo jambo zito kuliko yote. Kioo kinachofunika sensa zake za mwanzo huliwa na unyevu. Leica ilibadilisha sensa hizo bila malipo kwa miaka kadhaa, kisha mpango huo ukafungwa. Kuijua hali ya sensa yako ni rahisi: funga tundu la lenzi hadi f/16, piga picha ya anga tupu, kisha itazame kwenye kompyuta kwa ukubwa wa asilimia mia. Vumbi huonekana kama doa la kawaida na huhama ukipuliza. Ulikaji huonekana kama kidoa chenye mzingo wa mwanga pembeni, nacho hakihami hata upulize mara ngapi. Ukikiona, fikiria kuondoka kwenye kamera hiyo kabla vidoa havijaongezeka. 240 haina ugonjwa huu.

*Inamfaa nani.* Anayepiga mchana, anayechapisha kwa ukubwa wa wastani, na ambaye manung'uniko yake makuu ni fokasi. Huyo anaweza kuitengeneza kamera yake, akaongeza kifaa kimoja sahihi, akaendelea na kazi kwa miaka.

Chaguo la pili: M10 na jamaa zake

*Dirisha na fokasi.* Mbali na ukuzaji wa 0.73, Leica ilipanua eneo linaloonekana na kuongeza umbali ambao jicho linaweza kukaa mbali na kioo bila kupoteza pembe. Mvaa miwani huiona faida hii siku ya kwanza: mistari ya fremu ya milimita 28, ambayo kwenye 240 alikuwa akiitafuta kwa kuhamisha jicho huku na huku, sasa anaiona karibu yote. Kama ungeniomba sababu moja ya kutoka 240 kwenda M10, hii ningeiweka juu ya sensa.

*Mwanga na rangi.* Megapikseli 24, ISO 100 hadi 50000. Namba ya juu kabisa usiijali. Muhimu ni kwamba ISO 3200 na 6400 zinatumika kwa kazi ya kweli. Vivuli vinainuliwa vizuri, lakini sehemu zilizong'aa kupita kiasi hazirudi kirahisi, kwa hiyo ni kamera ya kupima mwanga kwa kuulinda weupe. M10-R ya mwaka 2020, yenye megapikseli 40, husamehe zaidi upande huo.

*Faili.* Megapikseli 24 hukupa uchapaji wa takribani sentimita 50 kwa nukta 300. Faili zinahifadhika bila kununua diski mpya kila msimu. Hii ndiyo M ya kwanza kuwa na Wi-Fi, kwa hiyo picha hufika kwenye simu bila kadi kutolewa.

*Betri na ushikaji.* Udhaifu wake uko hapa. Ili kamera iwe nyembamba, milimita 38.5, betri ilipunguzwa hadi mAh 1100. Ukitumia dirisha tu bila picha hai, siku inapita kwa betri mbili. Ukiwasha picha hai na Wi-Fi, hesabu tatu. Na huwezi kuichaji ikiwa ndani ya kamera: lazima uondoe bamba la chini, utoe betri, uiweke kwenye chaja. Kamera ikiwa juu ya tripodi, kubadilisha betri ni kuifungua yote na kuanza upya.

Upande mwingine wa mizani, mkononi ni raha. Kirungu cha ISO kimekaa pale kilipokuwa kirungu cha kurudisha filamu, kwa hiyo unaona mipangilio yako yote kamera ikiwa imezimwa: tundu kwenye lenzi, kasi na ISO juu ya bodi. M10-P ya mwaka 2018 iliongeza shata tulivu zaidi na skrini ya kugusa. Kwa anayepiga ndani ya nyumba za ibada au kwenye mazoezi ya muziki, utulivu huo una thamani kuliko megapikseli.

*Umri.* Ya kwanza ilitoka mwaka 2017. Nyingi sokoni ni za mkono wa pili, na humo zimo zilizotunzwa kama yai na zilizopigwa kila siku kazini. Omba uiwashe, uijaribu na lenzi yako mwenyewe, la sivyo unanunua mbuzi kwenye gunia.

*Inamfaa nani.* Anayependa namna ya M ya filamu, mvaa miwani, mpigaji wa jioni na ndani ya nyumba, na yeyote ambaye kompyuta yake haihitaji mateso mapya.

Chaguo la tatu: M11 na jamaa zake

*Dirisha na fokasi.* Dirisha kimsingi ni lile la M10. Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu: megapikseli 60 hazifanyi fokasi iwe rahisi, zinafanya kosa lake lionekane. Chukua lenzi ya milimita 50 kwa f/1.4, mtu akiwa mita moja mbele yako. Kwa kipimo cha kawaida, kina cha ukali ni kama sentimita 3 tu kwa jumla. Ukikuza faili ya megapikseli 60 na kudai ukali wa kiwango chake, kina hicho hubaki karibu nusu. Mtu akipumua, jicho limetoka. Kwa hiyo M11 inadai renjifainda iliyopimwa vizuri, lenzi iliyopimwa vizuri, na mara nyingi msaada wa picha hai.

Kwa fokasi ya kukadiria mambo ni hayohayo. Lenzi ya milimita 35 kwa f/8, ikiwekwa mita 5, kwa alama zilizochorwa juu yake inaahidi ukali toka mita 2.5 hivi hadi upeo, yaani mbali kabisa. Alama hizo zilichorwa kwa kipimo cha filamu. Kwenye M11 weka f/8 lakini soma alama za f/5.6, au hata za f/4 kama unachapisha makubwa.

*Mwanga na rangi.* ISO huanzia 64, na uwezo wa kubeba mwanga mkali na vivuli kwa pamoja ni mkubwa kuliko wa M10. Sensa yake, yenye waya upande wa nyuma, hupokea vizuri zaidi miale inayoingia kwa pembe, jambo linalozisaidia lenzi pana za zamani ambazo kwenye M9 zilileta rangi za ajabu pembeni mwa picha. Shata ya kielektroniki hufika 1/16000, kimya kabisa, ila inapinda vitu vinavyokwenda mbio na huweza kuleta mistari chini ya baadhi ya taa za LED. Uitumie kwa mandhari na watu waliotulia.

Jambo jingine ni kasi ya mkono. Kwa kuwa pikseli ni ndogo, mtikisiko uliokuwa haujulikani kwenye 240 sasa unaonekana. Kanuni ya zamani ya 1/50 kwa lenzi ya 50 haitoshi. Mimi naanzia 1/125, na mwanga ukiruhusu napanda hadi 1/250.

*Faili.* Faili ghafi ya megapikseli 60 ni megabaiti 70 au zaidi. Uchapaji wa nukta 300 hufika sentimita 80. Unaweza kuchagua megapikseli 36 au 18 badala yake, na sensa yote bado hutumika, hivyo pembe ya lenzi haibadiliki. Ni uhuru mzuri, lakini jiulize kwa ukweli: kama utakaa kwenye 18 au 36 karibu siku zote, je, shida yako ilikuwa megapikseli?

*Betri na ushikaji.* Hapa M11 inaongoza bila ubishi. Betri imerudi mAh 1800, inachajiwa ndani ya kamera kwa USB-C, na bamba la chini limeondolewa: unavuta kidude kimoja, betri inatoka, kadi ipo palepale. Kuna kumbukumbu ya ndani ya GB 64, na GB 256 kwenye M11-P ya mwaka 2023, kwa hiyo unaweza kuandika nakala mbili za kila picha kwa wakati mmoja. Kwa mpiga picha wa harusi hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala. Uzito unategemea rangi: nyeusi ina kifuniko cha juu cha alumini na ni gramu 530, ya fedha ina shaba na ni 640. Tofauti ya gramu 110 shingoni kutwa nzima si ndogo.

Mwanga hupimwa kwenye sensa yenyewe wakati wote. Vipimo ni sahihi zaidi, lakini shata lazima ifunge kwanza kabla ya kupiga. Mlio wake ni wa hatua mbili, na waliozoea M10-P huutambua mara moja.

*Umri.* Ilianza mwaka 2022, kwa hiyo ina miaka mingi mbele yake ya matengenezo na masasisho. Ukinunua iliyotumika, sasisha programu yake ya ndani kabla ya kuitumia kazini.

*Inamfaa nani.* Mtaalamu anayehitaji nakala mbili na betri ya kutwa, mpigaji wa mandhari, anayechapisha makubwa au anayekata picha sana.

Mbili za pembeni

Pixii, inayotengenezwa Besançon nchini Ufaransa, ni renjifainda halisi inayopokea lenzi za M, lakini haina skrini ya nyuma wala kadi. Picha hukaa ndani na kupelekwa kwenye simu. Toleo lake la Max la mwaka 2024 lina sensa ya fremu kamili. Inampendeza anayetaka kuondolewa kishawishi cha kukagua kila picha. Leica M EV1 ya mwaka 2025 imekwenda upande wa pili: imeondoa renjifainda na kuweka dirisha la kielektroniki ndani ya bodi ya M. Kama macho ndiyo sababu yako ya kutaka kubadilisha, iangalie kwa moyo mweupe, ukijua kwamba kile kimraba unachokipenda hakimo.

Na kama unapiga nyeusi na nyeupe tu, matoleo ya Monochrom ya M10 (megapikseli 40) na M11 (60) hayana kichujio cha rangi mbele ya sensa. Hupata mwanga zaidi na ukali zaidi, ila sehemu iliyong'aa ikipotea imepotea kabisa.

Vifaa: kwanza macho, kisha mikono

*Lenzi ya dayopta, kikuzaji, au dirisha la kielektroniki.* Hivi vitatu hushindania kazi moja: kukusaidia kuona fokasi.

Lenzi ya dayopta huskrubiwa nyuma ya dirisha na kurekebisha uoni wako. Ni ndogo, haili betri, na ndiyo ya kujaribu kwanza. Nenda nayo kwa mtaalamu wa macho: dirisha la kamera tayari lina rekebisho lake la ndani, kwa hiyo namba ya miwani yako si lazima iwe namba ya kununua. Dirisha la M10 na M11 lilibadilishwa ukubwa, na lenzi za kuskrubu za bodi za zamani zinahitaji adapta. Hakikisha kabla hujalipa.

Kikuzaji cha 1.25 au 1.4 huongeza usahihi wa kimraba kwa lenzi za 50, 75 na 90. Kwa 35 hukupotezea kingo za fremu, na kwa mvaa miwani hali huwa mbaya zaidi. Kinamfaa mpigaji wa sura za watu, si wa mitaani mwenye lenzi pana.

Visoflex 2, dirisha la kielektroniki la Leica la kuchomeka juu, ina nukta milioni 3.7, huinuka hadi digrii 90 na ina rekebisho lake la macho. Ndiyo iliyotolewa kwa ajili ya M11, ingawa huuzwa peke yake, na M10 huipokea baada ya kusasisha programu yake. Visoflex ya kwanza, yenye nukta milioni 2.4, haiendi kwenye M11. Inahitajika kweli katika hali tatu: lenzi pana kuliko 28, lenzi ndefu kuliko 90, na ukaribu wa chini ya sentimita 70, pale renjifainda inapokoma huku baadhi ya lenzi mpya zikifika 40 au hata 30. Hasara yake ni kwamba hukalia kiti cha flashi, huongeza kimo cha kamera na hula betri. Kwa lenzi ya 21 tu, dirisha dogo la kioo la kuchomeka juu ni angavu zaidi na halichelewi hata kidogo, ingawa halikuonyeshi fokasi.

*Kiegemeo cha gumba au mshikio.* Kiegemeo huchomekwa kwenye kiti cha flashi na kuipa gumba mahali pa kushikilia. Ni kizuri sana kwa bodi nyembamba kama M10, lakini huwezi kukitumia pamoja na Visoflex wala flashi. Kabla ya kununua vyote viwili, amua kipi kitakaa juu. Mshikio wa chini hauna mgogoro huo. Kwenye 240 na M10 huchukua nafasi ya bamba la chini. Kwenye M11 hukazwa kwenye tundu la tripodi. Ukiwa na lenzi nzito kama 50 f/0.95 au 75 f/1.4, chagua mshikio. Ukiwa na 35 ndogo, kiegemeo kinatosha.

*Vichujio vya kupunguza mwanga.* Hapa hesabu hutofautiana na bodi. Jua la utosini kwa f/1.4 na ISO 100 hudai kasi ya karibu 1/12800. M10 hukoma 1/4000, kwa hiyo kichujio cha hatua mbili kinatosha (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu). 240 huanzia ISO 200, hivyo chukua cha hatua tatu. M11 kwa ISO 64 hudai kama 1/8000, ambayo shata ya kielektroniki inaimudu. Chukua kichujio tu kama unapiga vitu vinavyotembea. Ukubwa wa kawaida ni 39 na 46, angalia kwenye pete ya lenzi yako. Mwenye Monochrom aongeze cha njano na chekundu, maana huko vinafanya kazi kama vilivyofanya kwenye filamu.

*Betri, kadi, gamba la ngozi.* Kwa M10, betri ya pili si anasa. Kadi ya kasi ya UHS-II ina faida kwenye M11, siyo kwenye M10. Gamba la ngozi ni la kupendeza, lakini kwenye M10 kagua kama utalazimika kulivua kila unapobadilisha betri.

*Kupimwa upya.* Hiki si kifaa, lakini nakiweka hapa kwa sababu mara nyingi kinashinda vyote. Lenga mlingoti ulio mbali sana, lenzi ikiwa kwenye alama ya upeo: taswira mbili lazima zilingane kabisa. Kisha weka rula kwa mlalo wa digrii 45 mita moja mbele yako, lenga alama moja kwa tundu lililo wazi kabisa, upige mara kadhaa ukianza upya kulenga kila mara. Ukali ukiangukia nyuma au mbele kila mara kwa kiasi kilekile, kamera au lenzi inahitaji fundi. Ukirukaruka huku na huku, tatizo ni jicho au mkono, na hapo dayopta au kikuzaji ndiyo dawa.

Kwa hali yako

Una M9 yenye vidoa vya ulikaji: usiiwekee vifaa vya gharama. Chagua kati ya 240 na M10. Ukivaa miwani, M10.

Una 240 inayofanya kazi na unalalamikia fokasi: fanya jaribio la rula kwanza. Matokeo yakielekeza kwa fundi, nenda kwa fundi. Yakielekeza kwenye macho, nunua dayopta. Ubaki na 240.

Una 240 na unalalamikia picha za usiku: hamia M10, uongeze betri moja, bila kingine kwa miezi ya mwanzo.

Una M10 na unalalamikia betri tu: betri nyingine mbili bado ni nafuu mno kuliko M11. Lakini kama unapiga kazi za kulipwa ambazo haziwezi kurudiwa, nakala mbili za M11 ni sababu halali ya kuhama.

Una M10 na unataka kuchapisha makubwa: linganisha M10-R na M11. M10-R hukuacha na vifaa vyako vyote vya sasa, pamoja na betri. M11 inakulazimisha kubadilisha betri, mshikio, na Visoflex kama ni ile ya kwanza. Ongeza gharama hiyo kwenye hesabu, pamoja na diski ya kuhifadhia.

Macho yamechoka na dayopta haikusaidia: Visoflex 2 kwenye bodi uliyonayo kama inaipokea, au M EV1. Jaribu zote mbili kwa saa moja na lenzi unayoipenda zaidi.

Bado hujaamua: azima au kodi M11 kwa siku mbili, piga zile kazi zako za kawaida, kisha hamishia faili kwenye kompyuta yako mwenyewe na kuzichakata hadi mwisho. Pima muda uliotumia, na chapisha picha moja ya M11 na moja ya kamera yako kwa ukubwa unaouzoea, uzitundike ukutani bila kuandika ipi ni ipi. Mwombe mtu unayemheshimu macho yake achague, na umuulize kwa nini.